Nasaba Katika Daftari la Muuzaji: Kaunti ya McIntosh na Kazi ya Kuwatafuta Mababu

Kaunti ya McIntosh iko pwani ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kati ya Savannah na Brunswick. Ni nchi ya mashambani: misonobari, vinamasi vya maji ya chumvi, visiwa, na mji mdogo wa Darien karibu na mahali mto Altamaha unapoingia baharini. Sensa ya 2020 ilikuta huko watu wapatao 11,000. Kwa wengi wao, hasa wazawa wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga na pamba, swali la "wewe ni wa nani?" lina uzito mkubwa. Jibu lake linaweza kuamua nani atabaki katika kiwanja cha babu yake na nani atahamishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi watu hao wanavyofuatilia nasaba zao, karatasi kwa karatasi na mzee kwa mzee. Ninaona kazi yao imethibitisha jambo ambalo wasomi walichelewa kulikubali. Pale ambapo karatasi iliandikwa na muuzaji wa watu, maneno ya bibi kizee ni ushahidi kamili: yanapimwa kama ushahidi mwingine wowote, na yenyewe yanaweza kuipima karatasi.

Kaunti ilivyoanza

Darien ilianzishwa mwaka 1736 na Waskoti walioletwa kulinda mpaka wa koloni la Waingereza dhidi ya Wahispania wa Florida. Wakati huo Georgia ilikataza utumwa, na mwaka 1739 wakazi wa Darien walitia saini ombi la kutaka katazo hilo lisiondolewe. Liliondolewa mwanzoni mwa 1751. Katika miongo iliyofuata, hata baadhi ya koo za Kiskoti za eneo hilo zikawa na mashamba na watumwa. Kaunti yenyewe ilimegwa kutoka kaunti ya Liberty mwaka 1793, ikapewa jina la ukoo wa McIntosh.

Utajiri wake ulitoka majini. Kwenye mlango wa Altamaha, maji ya mto hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wenye mashamba walitumia nguvu hiyo kumwagilia mpunga kwa mitaro na malango ya mbao. Visiwani walilima pamba ya nyuzi ndefu. Kilimo cha mpunga kilidai ujuzi, si misuli tu, na wengi wa walioletwa pwani ya Georgia na South Carolina walitoka nchi zilizojua mpunga tangu zamani, kama Senegambia na Sierra Leone. Kufikia 1860, karibu watu watatu katika kila wanne wa kaunti walikuwa watumwa. Wenye mashamba wengi waliondoka miezi ya joto kwa kuogopa malaria. Hivyo Waafrika hao waliishi wao kwa wao kwa muda mrefu, wakajenga lugha na utamaduni ambao leo unaitwa Gullah Geechee.

Ukuta wa 1870

Mtafiti wa nasaba huanza na walio hai, kisha hurudi nyuma. Hatua za kwanza si ngumu sana. Georgia ilianza kuandikisha vifo kwa jimbo zima mwaka 1919, na hati ya kifo huuliza jina la baba na la mama wa marehemu. Kwa hiyo mzee aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 80 anaweza kukupa majina ya watu waliozaliwa mapema katika karne ya 19. Hati moja kama hiyo huruka vizazi viwili kwa mara moja.

Sensa nazo husaidia, ila kila moja iliuliza maswali yake. Ile ya 1900 iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, ikamuuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ile ya 1890 karibu yote iliharibiwa kwa moto wa Washington mwaka 1921, ikaacha pengo la miaka 20. Ile ya 1880 ilikuwa ya kwanza kutaja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ile ya 1870 haikutaja uhusiano huo, hivyo mwanamume, mwanamke na watoto wanne waliokutwa chini ya paa moja wanaweza kuwa mke na mume, au kaka na dada, au majirani waliosalimika pamoja baada ya vita.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina yao. Ukirudi nyuma hadi 1860 na 1850, unakuta orodha maalumu za watumwa zenye jina la mmiliki juu, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtu. Majina hayamo. Mwanamke wa miaka 35, mweusi. Mvulana wa miaka 8, mweusi. Serikali iliwahesabu watu hawa bila kutaka kujua ni akina nani. Hapo ndipo nasaba nyingi za Wamarekani Weusi hukwama.

Karatasi za mali

Ili kuvuka ukuta huo, mtafiti analazimika kubadilisha swali. Haulizi tena "babu yangu alikuwa nani?" bali "babu yangu alikuwa mali ya nani?" Ni swali chungu, lakini ndilo linalofungua makabati. Mtumwa hakuandikwa kama raia. Aliandikwa katika wosia wa bwana wake, katika hesabu ya mali ya marehemu, katika hati ya rehani pale bwana alipokopa fedha, na katika hati ya mauzo. Ukishampata mmiliki wa mwisho, unafuata familia ya mmiliki: nani aliurithi utajiri, binti yupi alipewa watumwa wepi alipoolewa, deni lipi lililipwa kwa mtoto wa nani.

McIntosh ina tatizo la ziada. Tarehe 11 Juni 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kaskazini liliichoma Darien karibu yote. Vikosi viwili vilivyotumwa vilikuwa vya askari Weusi, chini ya Kanali James Montgomery. Robert Gould Shaw, aliyeongoza kikosi cha 54 cha Massachusetts, alilalamikia amri hiyo katika barua zake. Kwa sababu ya moto, kumbukumbu nyingi za mahakama ya kaunti za wakati wa utumwa hazipo. Wanaotafuta mababu McIntosh wanajua hivyo kabla hawajaingia ofisi yoyote: wosia wanaoutaka huenda uligeuka majivu.

Lakini mali ya mtu tajiri haikuandikwa mahali pamoja. Mfano mkubwa ni Kisiwa cha Butler, ng'ambo tu ya Darien, kilichokuwa moja ya mashamba makubwa ya mpunga ya pwani ile. Mmiliki wa kwanza, Pierce Butler, ni mmoja wa waliotia saini Katiba ya Marekani. Mjukuu wake mwenye jina hilohilo aliishi Philadelphia, na nyaraka nyingi za familia zimehifadhiwa huko, mbali na moto wa Darien. Mke wa mjukuu huyo, mwigizaji Mwingereza Fanny Kemble, alikaa katika mashamba hayo kuanzia mwisho wa 1838 hadi masika ya 1839. Shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1863, inawataja kwa majina wanawake waliomjia na shida zao, pamoja na idadi ya watoto waliowazaa na kuwazika.

Butler huyo alipoteza mali yake kwa kubahatisha katika hisa, akaamua kuuza watu. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck karibu na Savannah, ulifanyika mmoja wa minada mikubwa kabisa ya watumwa katika historia ya Marekani. Katalogi iliorodhesha watu 436 kutoka Kisiwa cha Butler na shamba lake la pili la Kisiwa cha St. Simons. Mapato yalikuwa dola 303,850. Mvua ilinyesha siku zote mbili, na wazawa wao wanauita mnada huo Wakati wa Kilio.

Kwa mtafiti wa nasaba, katalogi ile ni karatasi ya kutisha na ya thamani isiyo na kifani. Imeandika majina, umri na kazi, tena familia kwa familia, kwa kuwa Butler alitangaza kwamba mume, mke na watoto wangeuzwa pamoja. Familia ya kwanza ni George wa miaka 27, mkulima wa pamba. Sue wa miaka 26, mkulima wa mpunga. Na wavulana wawili, George wa miaka 6 na Harry wa miaka 2. Waliuzwa kwa dola 620 kila mmoja, mtoto wa miaka miwili akiwemo. Mwandishi Mortimer Thomson wa gazeti la New York Tribune alijifanya mnunuzi, akaandika aliyoyaona. Ndiyo maana bei nyingi zinajulikana. Ahadi ya kutotenganisha familia haikuwahusu wazazi wazee, kaka na dada waliokwisha kuoa na kuolewa, wala wachumba. Hao walitawanywa katika majimbo mbalimbali, na leo mtu wa Louisiana anaweza kukuta mlango wa ukoo wake ukianzia kwenye delta ya Altamaha.

Hapa pana onyo kuhusu majina ya ukoo. Wengi hudhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Baadhi walifanya hivyo, lakini wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi, yule aliyewamiliki wazazi wao, ili ndugu waliouzwa mbali waweze kutambuana. Wengine walikuwa na jina lao la siri kwa muda mrefu. Ndugu wa tumbo moja wangeweza kuandikwa kwa majina mawili tofauti. Anayetafuta jina moja tu la ukoo atapoteza nusu ya ndugu zake.

Karatasi za uhuru

Baada ya vita vinaanza kutokea vitabu ambamo Weusi wenyewe waliulizwa habari zao. Ofisi ya serikali kuu iliyosimamia mambo ya walioachwa huru, iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1872, iliacha mikataba ya kazi, orodha za waliopewa chakula na malalamiko ya walionyimwa ujira. Benki ya akiba ya walioachwa huru, iliyokuwa na tawi Savannah hadi ilipofilisika mwaka 1874, iliwauliza wateja majina ya wazazi na ndugu, na wengi waliwataja hata waliouzwa. Daftari za wapiga kura za 1867 zinataja wanaume Weusi miaka mitatu kabla ya sensa ile ya 1870. Kuanzia 2015 maelfu ya watu wa kujitolea waliingiza zaidi ya majina milioni moja ya ofisi ile katika kumbukumbu za kompyuta. Kazi iliyomhitaji mtu asafiri hadi Washington sasa inafanyika katika maktaba ya kijiji.

McIntosh ilikuwa na kiongozi wa kipindi hicho anayestahili kutajwa: Tunis Campbell, mzaliwa wa New Jersey, aliyewapanga walioachwa huru wa kaunti wajitawale, akachaguliwa seneta wa jimbo mwaka 1868. Wapinzani wake walimpeleka gerezani mwaka 1876, akafanyishwa kazi ngumu katika umri wa uzee. Karatasi za miaka yake zinaonyesha watu waliokuwa wakifunga ndoa kisheria, wakisaini mikataba, wakinunua ardhi. Ni karatasi za kwanza zinazowaonyesha wakiamua mambo yao wenyewe.

Ushahidi wa mdomo na namna ya kuupima

Kuna mambo ambayo karatasi hizo zote hazitoi: mtu alitoka wapi Afrika, alikuwa na imani gani, mama alimwachia mwanawe nini. Hapo unahitajika ushahidi wa mdomo, na McIntosh ina mifano miwili iliyopimwa kwa ukali.

Wa kwanza ni wa Kisiwa cha Sapelo. Thomas Spalding, aliyeanza kununua ardhi kisiwani mwaka 1802, alikuwa na msimamizi Mwislamu aitwaye Bilali, aliyetoka Futa Jallon katika Guinea ya leo na kupitia Bahama. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakusanyaji wa masimulizi walimhoji Katie Brown, kitukuu chake. Alieleza jinsi Bilali na mkewe Phoebe walivyosali kwa saa zao, kwa tasbihi na mkeka. Shad Hall, wa uzao huohuo, alieleza jinsi bibi yake alivyotengeneza vikate bapa na kuwagawia watoto kama sadaka. Masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1940.

Je, ni kumbukumbu au ni mapambo? Jibu limo katika daftari dogo la kurasa 13, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono wa Bilali mwenyewe, ambalo sasa liko Chuo Kikuu cha Georgia. Kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa shajara. Joseph Greenberg alilipeleka kwa wanazuoni wa kaskazini mwa Nigeria, na mwaka 1940 akachapisha matokeo: ndani yake mna vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fikihi ya Maliki kilichosomwa sana madrasa za Afrika Magharibi. Msomaji wa pwani yetu ya Waswahili, aliyezoea vyuo vya Kishafii, atatambua mara moja mwanafunzi aliyekuwa akijikumbusha masomo ya udhu na sala, akiwa mbali na mwalimu wake na bila kitabu. Tuna mashahidi watatu wasiotegemeana: wazawa waliosimulia, familia ya Spalding iliyoandika kumbukumbu zake, na mkono wa Bilali. Wote wanakubaliana. Cornelia Walker Bailey, mwanahistoria wa Sapelo aliyefariki mwaka 2017, alijihesabu katika uzao huo, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Mfano wa pili ni wa Harris Neck, kaskazini mwa kaunti. Mapema miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner alimrekodi Amelia Dawley akiimba wimbo mfupi ambao hata yeye hakujua maana yake. Alikuwa ameupokea kutoka kwa mama na bibi zake. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliutambua kuwa Kimende, na Turner akauchapisha mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu Kigullah. Miaka 40 baadaye, watafiti Joseph Opala na Cynthia Schmidt walimpata Mary Moran, binti wa Amelia, ambaye bado aliukumbuka. Schmidt akaupeleka Sierra Leone, na katika kijiji cha Senehun Ngola akamkuta Bendu Jabati, aliyefundishwa na bibi yake wimbo unaofanana nao kwa karibu. Ulikuwa wimbo wa wanawake wa kuwaaga marehemu. Mwaka 1997 Moran na familia yake walikwenda Sierra Leone, na wanawake hao wawili wakakutana.

Tuangalie kwa makini wimbo huu unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba mwanamke wa Kimende aliyejua ibada ya mazishi alifika pwani ile, na kwamba wanawake waliomfuata hawakuuacha. Hautupi jina lake, wala la meli, wala mwaka wa safari. Hauthibitishi kwamba Moran na Jabati ni ndugu wa damu. Familia ya Moran inajua mipaka hiyo, na mipaka hiyo haipunguzi kitu. Wimbo ulihifadhiwa kwa sababu ulikuwa wimbo wenye umbo lisilobadilika, uliofundishwa kwa bidii na mtu mmoja kwa mmoja. Na uliweza kuhakikiwa kwa sababu Turner aliurekodi mapema, kabla mtu yeyote hajajua jibu lililotakiwa.

Vipimo vya DNA vimeongezwa siku hizi. Vinaonyesha kwamba watu wawili wana babu mmoja, lakini havisemi ni nani. Jina bado litatoka kwenye karatasi, au kwa mzee, au makaburini. Makaburi ya Behavior kule Sapelo, ambako marehemu wamezikwa na vyombo walivyovitumia, yamejibu maswali ambayo sensa haikuyajua.

Nasaba na ardhi

Sababu kubwa ya kazi hii yote ni ardhi. Mwaka 1871 William Hillery, John Grovner na Bilally Bell walinunua ekari zipatazo 1,000 za Raccoon Bluff, Sapelo, na kuwagawia wenzao. Jina la mmoja wao linatosha kuonyesha Bilali alikuwa hajasahauliwa. Katikati ya karne ya 20, tajiri wa tumbaku R. J. Reynolds Jr., aliyekuwa amenunua sehemu kubwa ya kisiwa, aliwahamishia wakazi kwenye kitongoji kimoja, Hog Hammock. Mwaka 2023 kaunti iliruhusu nyumba za futi za mraba 3,000 mahali ambapo kikomo kilikuwa 1,400, na wenyeji wakapinga, wakijua kwamba nyumba za matajiri hupandisha kodi ya ardhi ya jirani maskini.

Kule Harris Neck mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1942 serikali kuu ilitwaa ekari 2,687 kwa ajili ya uwanja wa ndege za kijeshi, na familia zipatazo 75 za Weusi ziliondolewa kwa haraka, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa. Amelia Dawley na watu wake walikuwa wa eneo hilo. Vita vilipokwisha, ardhi haikurudi kwao. Ilipewa kaunti, kisha mwaka 1962 ikawa hifadhi ya wanyamapori ya serikali kuu. Mwaka 1979 wazawa walipiga kambi humo kudai haki, baadhi yao wakafungwa.

Hata mahali ambapo hakuna jeshi, ardhi hupotea kimyakimya kwa njia ya urithi. Babu aliyenunua ekari 20 mwaka 1880 akafa bila wosia, kwa sheria aliwaachia watoto wake wote hisa ambazo hazijagawanywa, nao wakawaachia wajukuu, vitukuu na vilembwe. Baada ya vizazi vitano, watu 60 wanamiliki kipande kimoja, wengine wakiwa New York au Florida. Zamani mgeni aliyenunua hisa ya mmoja tu aliweza kuiomba mahakama iuze shamba zima kwa mnada. Mwaka 2012 Georgia ilipitisha sheria ya kupunguza dhuluma hiyo: lazima ardhi ithaminiwe, na warithi wengine wapewe nafasi ya kununua hisa inayouzwa. Lakini kinga hiyo ina sharti. Mrithi lazima athibitishe kwamba ni mrithi, na hapo hati ya kifo ya 1925, sensa ya 1880, Biblia ya familia na daftari la kanisa vinakuwa ngao mahakamani.

Hukumu yangu ni hii. Watu wa McIntosh waliuzwa kwa orodha, wakahesabiwa bila majina, kumbukumbu za mahakama yao zikaungua, na ardhi yao ikatwaliwa, lakini bado wanaweza kutaja walikotoka kwa uhakika unaozidi wa wengi waliowatesa. Wamefanya hivyo kwa kukataa kuchagua kati ya karatasi na mzee. Serikali iliyoandika majina yao katika hati za kuwahamisha mwaka 1942 haiwezi kudai leo kwamba haiwajui. Harris Neck ina wenyewe, wametajwa kwa majina, na wanapaswa kurudishiwa.